Ruhusa ya Kusoma Kila Kitu

Ukurasa wa halmashauri ya mji mmoja wa Italia ulinikatalia siku nne mfululizo. Naandika anwani, nabonyeza, na badala ya fomu napata sentensi moja kavu ya Kitaliano: huduma hii haipatikani mahali ulipo. Nilijaribu asubuhi, nikajaribu mchana, nikajaribu kwa simu na kwa kompyuta. Jibu lilikuwa lile lile.

Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua. Kwa miaka kumi na sita nilikaa mapokezi ya hoteli moja hapa Malindi, na Kitaliano nilikiokota pale pale kwenye kaunta, kwa wageni waliolalamikia mito, maji moto na kelele za kunguru. Hoteli ilipofungwa mimi nilibaki na lugha. Nikapanga chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, nikaweka meza, kompyuta, mashine ya kuskani na viti vitatu, na watu wakaanza kuja. Wengi ni wanawake. Huyu alizaa na Mtaliano, yule alifanya kazi nyumbani kwa Mtaliano na anataka barua ya kumshuhudia, mwingine mumewe yuko kule na simu haishiki tena. Wanakuja na vyeti na pasipoti ndani ya bahasha zilizolainika kwa jasho la mikono, wananiachia niziskani, nami natuma.

Mama aliyenifikisha kwenye ukurasa ule alitoka Sabaki. Analima kunde na mahindi karibu na mto, na msimu wa mashamba ukipita anasuka makuti. Alikuja na binti yake wa miaka kumi na tisa, msichana mrefu mwenye haya, aliyeniamkia shikamoo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae."

Mama yule hakuzunguka. Baba wa binti alikuwa Mtaliano aliyeishi huku miaka mingi, akaugua, akarudi kwao, akafa. Kabla ya kufa alipiga simu mara moja akasema ameenda kwenye ofisi ya mji wake na kumwandikisha binti kuwa ni damu yake. Baada ya hapo hakukuwa na simu nyingine. Ndugu zake hawakujibu barua hata moja, na karatasi yenyewe hakuna aliyewahi kuiona.

"Mimi sitaki mali ya mtu," alisema. "Mwanangu anataka kujua kama ni kweli. Watu wanamwambia babako alikukimbia. Mimi nasema alikukubali. Sasa nani mkweli?"

Binti alikuwa akitazama sakafu. Aliposikia hivyo aliinua uso akanitazama mimi, kana kwamba jibu lilikuwa ndani ya droo yangu.

Basi nikaahidi. Na ukurasa ukakataa siku nne.

Siku ya tano nilipiga simu kwenye ofisi ya usajili ya mji ule. Alipokea mwanamke mwenye sauti ya kuchoka. Nilipomweleza alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia kuwa maombi ya vyeti yanapokelewa kwenye tovuti peke yake, na tovuti inazuia watu wa nje kwa sababu ilikuwa ikishambuliwa na wahalifu kutoka kila upande.

"Raia wetu walioko nje hutumia VPN, bibi," akasema. "Fanya hivyo hivyo. Ila tumia nzuri."

Akakata. Nzuri ndiyo ipi, hakusema.

Nilimwita fundi wa kompyuta. Ni rika la mdogo wangu wa mwisho, ana kibanda karibu na soko, na nusu ya kompyuta za maduka ya mji huu zimepita mikononi mwake. Alikuja Jumatatu asubuhi na mkoba wake wa bisibisi ingawa hapakuwa na cha kufungua.

"Dada, hilo ni jambo la dakika mbili," alisema. "Wewe unataka Wataliano wakuone kama uko kwao. Tunaweka kiendelezi cha VPN, programu ndogo tu, hapa kwenye kivinjari, basi. Ukifungua ukurasa, unapita kwanza kwenye mashine iliyoko Italia, halafu ndiyo unafika. Wao wanaiona ile mashine, wewe hawakuoni."

"Kiendelezi gani?"

"Hiki. Cha bure. Tazama nyota zake, tazama watu wanaokitumia, mamilioni. Nimewawekea wengi."

Kilikuwa na picha ya ngao ya kijani. Nilipobonyeza kukiweka, kilitokea kisanduku kidogo chenye maandishi, nami nikabonyeza kukubali kama ninavyokubali kila kisanduku, ili kiondoke mbele yangu. Nikachagua Italia. Nikaandika anwani ya halmashauri, na ukurasa ukafunguka wote, na bendera yao, na picha ya mnara wa kanisa, na fomu niliyoitafuta.

Nilipiga makofi. Fundi akacheka, akakunja mkoba wake, akaenda zake. Nikampigia mama wa Sabaki, naye alikuwa na kazi shambani, nikamwambia aje Alhamisi na cheti cha binti cha kuzaliwa, kitambulisho chake mwenyewe, na nakala ya pasipoti ya marehemu aliyokuwa ameitunza. Fomu ilitaka vyote viskaniwe na kupakiwa.

Jumanne nilianza kuona mambo.

Nina gazeti ninalolisoma mtandaoni kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Siku ile katikati ya habari ya barabara ya Kilifi lilitokea tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Nikalipita. Nikafungua kamusi yangu ya Kitaliano, ambayo haijapata kuwa na tangazo lolote, nayo ikawa na dawa ile ile, tumbo lile lile. Nikatafuta neno moja la kisheria, na majibu matatu ya juu yakawa ya duka nisilolijua. Kisha ikaja barua pepe ya onyo: mtu ameingia kwenye akaunti yako kutoka Italia.

Nilisoma onyo lile mara tatu, nikatazama saa iliyoandikwa, na taratibu nikatambua kuwa mtu huyo ni mimi. Saa ile ndiyo niliyofungua barua zangu huku VPN ikiwa imewashwa, kwa hiyo nilionekana niko Italia. Nilicheka peke yangu. Nusura kicheko kile kiniponze, maana nilitaka kuamini kuwa na yale matangazo yana maelezo mepesi kama hayo. Niliyatafuta maelezo hayo asubuhi nzima sikuyapata.

Nikampigia wifi yangu. Nasema wifi mke wa kaka yangu, si ile ya hewani. Anafundisha kompyuta katika shule ya sekondari ya wasichana huko Kilifi, na ni mtu asiyekwambia jambo unaloweza kulitazama mwenyewe.

"Wifi," aliniuliza, "ulipokiweka, kisanduku kiliandika nini?"

"Sikumbuki."

"Kiko hapo hapo kwenye orodha ya viendelezi. Fungua sehemu ya ruhusa unisomee."

Nikafungua. Nikasoma kwa sauti: kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote.

Nilisikia wanafunzi wakipita nyuma yake.

"Na kompyuta hiyo ndiyo unayoskania pasipoti za watu?"

"Ndiyo hiyo."

Nilijitetea. Nilimwambia kuwa kurasa ninazotumia zina alama ya kufuli, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwa penye kufuli mtu wa njiani hawezi kusoma.

"Mtu wa njiani hawezi," alisema. "VPN iliyo njiani inaona unakwenda wapi, haioni unachosema. Lakini kiendelezi hakiko njiani, wifi. Kimeketi ndani ya kivinjari chako. Kufuli limeshafunguliwa, ukurasa uko wazi mbele yako, nacho kinautazama pamoja nawe."

Nilikuwa nimefunga mlango wa mbele kwa miaka yote ile na kuukagua kila jioni, na sasa nimemkaribisha mtu nisiyemjua sebuleni kwa kuwa amevaa ngao.

"Nikitoe sasa hivi?"

"Usikitoe kwanza. Toka kwenye barua pepe, funga kila kitu cha wateja. Halafu kichunguze. Ukikitoa bila kukijua, kesho utaweka ndugu yake."

Alikuwa na kipindi, akakata. Nami nikaweka kibao cha Nimefunga mlangoni, jambo ambalo sijapata kulifanya siku ya kazi ila kwa msiba.

Nilianza na ukurasa wa duka la mtandaoni ambako kiendelezi kile kinapatikana. Nilitafuta mwenye nacho. Kulikuwa na jina la kampuni, lakini hakukuwa na mji, mtaa wala mtu, na anwani ya barua pepe ilikuwa ya bure kama yangu. Hotelini mgeni asiyeweza kuniambia anatoka wapi sikumpa ufunguo. Nikaingia kwenye maoni ya watumiaji. Nyota tano, nyota tano, nyota tano. Nilipoyasoma badala ya kuyahesabu, nikaona sentensi moja imerudiwa na watu tofauti, na koma ikiwa mahali pale pale pasipostahili. Mimi ni mwandishi wa barua. Koma ninaijua.

Nikazidi kushuka, mpaka kwenye maoni ya zamani. Huko watu walisifu kitu kingine kabisa. Walisema ni kizuri kwa kukata picha za skrini. Mmoja aliuliza mbona chombo chake cha picha kimegeuka VPN bila yeye kuulizwa, na hakuna aliyemjibu. Ndipo nikaelewa. Mamilioni yale ya watu walikuwa wa chombo cha picha. Mtu alikinunua pamoja na watu wake wote, akakibadilisha moyo, nyota za zamani zikabaki.

Mwisho nikafungua sera ya faragha. Ilikuwa ndefu, ya Kiingereza cha mawakili, imeandikwa ili uchoke. Nilijipikia chai nikaisoma kama ninavyosoma barua ya serikali, kila sentensi na kalamu mkononi. Juu iliandikwa kwa herufi kubwa kuwa hawahifadhi chochote. Chini sana iliandikwa kuwa wanaweza kukusanya anwani za kurasa unazotembelea na kuwapa washirika wao. Juu na chini havikuwa vikizungumza.

Nilimtumia wifi picha. Alijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka kwa furaha ya mwalimu: "Umefanya vizuri kuliko kidato cha nne changu. Hayo ni maneno yao. Kesho asubuhi nitakuonyesha jinsi ya kuona matendo yao."

Jumatano alinipigia akiwa na saa moja ya nafasi. Alinielekeza hatua kwa hatua: nenda kwenye orodha ya viendelezi, washa hali ya watengenezaji, bonyeza pale pa kukagua, chagua sehemu ya mtandao. Kilifunguka kidirisha chenye mistari ambayo sikuielewa. Nilitamani kumwita fundi. Wifi akaniambia nisimwite mtu, nitazame tu.

"Sasa tunga neno," alisema. "Neno ambalo halipo duniani."

Nikafikiri. "Kidumbwichi."

"Nini hiyo?"

"Si umesema lisiwepo?"

"Haya. Litafute mtandaoni kama unavyotafuta kitu chochote, kisha tazama kidirisha."

Nikaandika kidumbwichi, nikabonyeza. Kwenye kidirisha ukaruka mstari mpya. Halafu mwingine. Ulikuwa unakwenda kwenye tovuti yenye jina la herufi zisizotamkika, ambayo mimi sikuwa nimeifungua. Nikaubonyeza. Ndani yake mlikuwa na msururu wa herufi zilizochanganyika, kubwa na ndogo, na alama mbili za usawa mwishoni.

"Ni takataka tu," nilisema.

"Si takataka. Wamejifunika shuka. Nakutumia ukurasa wa kuifunua. Unakili msururu wote, ubandike, ubonyeze."

Nikanakili, nikabandika, nikabonyeza. Takataka ikageuka maneno. Palikuwa na tarehe, na namba ndefu ambayo bila shaka ndiyo jina walilonipa mimi, na anwani ya ukurasa nilioufungua, na mwisho wa anwani, wazi kabisa, herufi kwa herufi: kidumbwichi.

Nilipiga kelele. Wifi aliniambia baadaye kuwa aliisikia bila simu. Neno nililolitunga mimi, ndani ya chumba changu, ambalo halikuwa hata na maana, lilikuwa limebebwa mpaka kwa watu nisiowajua kabla sijainua kidole kwenye kitufe. Nilipaswa kuogopa, na niliogopa, lakini juu ya hofu kulikuwa na furaha ambayo nashindwa kuieleza. Nilikuwa nimemshika mwizi mkono ukiwa mfukoni. Mimi, niliyetoka kaunta ya hoteli, ambaye miaka michache nyuma nilikuwa nikimwita mtu kila mashine ya kuchapa ilipokwama.

Sikuona kikituma nenosiri wala picha za karatasi. Siwezi kusema kilifanya nisichokiona. Lakini ruhusa ya kufanya hivyo nilikuwa nimekipa kwa mkono wangu. Kwa siku mbili zile nilikuwa nimefungua barua za wateja wawili, na karatasi zao zilikuwa ndani. Niliwapigia wote wawili nikawaambia ukweli, nikawaomba radhi. Mmoja alinisamehe papo hapo. Mwingine alikuja kuchukua bahasha yake na hakurudi tena, na sikumlaumu. Nilikitoa kile kiendelezi, nikabadilisha manenosiri yangu yote kwa simu, si kwa kompyuta.

Kisha nikabeba kompyuta kwapani nikaenda kwa fundi.

Alikuwa ameinamia ubao wa kompyuta na chuma cha kulehemu. Nilimwambia kiendelezi chake kinapeleleza watu. Hakuinua macho.

"Dada, mimi kazi hii nimeifanya tangu watu hawajui kushika kipanya. Matangazo ni kawaida. Kila cha bure kina matangazo."

"Sizungumzii matangazo. Tunga neno."

"Neno la nini?"

"Neno lolote ambalo halipo."

Alinitazama kama mtu anayemtazama jamaa aliyepigwa na jua. Lakini ana adabu, na mimi ni mkubwa wake. Akafuta mikono, akavuta kompyuta yake mwenyewe, ambayo nayo ilikuwa na ngao ile ya kijani, akaandika neno alilolificha kwa kiganja nisilione. Nikamwelekeza kama nilivyoelekezwa: hali ya watengenezaji, kukagua, mtandao. Mstari ukaruka. Nikamfundisha kunakili, kubandika, kufunua. Alipoliona neno lake aliligusa kwa kidole kwenye skrini. Lilikuwa jina la utani la mkewe, limegeuzwa nyuma mbele.

"Hili halijui mtu," alisema polepole.

"Sasa wanalijua."

Chuma cha kulehemu kilikuwa kikitoa moshi mezani, akakizima. Nilidhani atanitafutia udhuru, wanaume wa ufundi wana udhuru mwingi. Badala yake alivuta daftari lake la kazi, akaanza kusoma majina ya mahali alikokiweka: duka la dawa lililo mbele ya chumba changu, wakala wa safari, mwalimu mmoja wa Mambrui, ofisi ya shamba la chumvi kuelekea Ngomeni.

"Twende," alisema.

"Twende wapi?"

"Kukitoa. Wewe utawaeleza, maana mimi sitajua nianzie wapi. Mimi nitatoa."

Tulizunguka mji mchana kutwa. Kila mahali niliwaambia watunge neno. Mwenye duka la dawa alitunga neno, akaliona, akaapa, akawaita wafanyakazi wake wote waje waone. Kwa wakala wa safari walitaka kulijaribu mara tatu kwa maneno matatu. Mwalimu wa Mambrui na ofisi ya chumvi tuliwapigia simu wakakitoa wenyewe. Jioni fundi alikuwa amepata sauti yake na alikuwa akieleza kunishinda, na mimi nikamwachia. Tulipeleka pia malalamiko kwa wenye duka la viendelezi, tukaambatanisha picha za kidirisha. Kabla mwezi haujaisha ukurasa wa kile kiendelezi ulikuwa umeondolewa. Sijui kama ni kwa barua yetu au kwa barua za wengine. Fundi anasema ni yetu, na sibishani naye.

Lakini Alhamisi ilikuwa kesho yake, na bado sikuwa na njia ya kufika Italia. Kujua kibaya hakukuwa kumenipa kizuri. Usiku nililala, kwa kuwa macho yaliyochoka hayasomi sera, na alfajiri baada ya sala nikaketi kutafuta upya. Nilipitia watoaji saba wa VPN. Wawili hawakuwa na mtu nyuma yao. Mmoja alikuwa na mtu, lakini alitaka ruhusa ya kusoma hata vipakuliwa vyangu, na VPN haina shughuli na vipakuliwa. Mmoja alijigamba kuwa atanifanya nisionekane kabisa duniani, nikamfunga hapo hapo, maana anayeahidi yasiyowezekana katika sentensi ya kwanza siwezi kumwamini katika ya pili.

Niliyembakisha alikuwa na watu wenye majina na ofisi yenye mji. Wanaishi kwa ada ya wateja wao, kwa hiyo nilijua chakula chao kinatoka wapi. Walikuwa wameita wakaguzi wa nje, na ripoti ya wakaguzi ilikuwa wazi, pamoja na kasoro zilizogunduliwa na namna zilivyorekebishwa. Zile kasoro ndizo zilizonituliza zaidi. Waliandika wenyewe kuwa kiendelezi chao kinafunika kivinjari tu, si kompyuta nzima, na kwamba wao bado wanaweza kujua unaelekea tovuti gani ila hawaandiki. Nacho pia kiliomba ruhusa pana, lakini walieleza kila moja ni ya nini. Nilikijaribu kwa kidumbwichi. Nilisubiri mbele ya kidirisha, nikafungua kurasa kumi. Haukuruka mstari hata mmoja wa kwenda kusikojulikana. Nikafungua ukurasa unaokuambia unaonekana uko wapi, ukaniambia niko Italia.

Hata hivyo sikukiingiza nyumbani kote. Wifi alinishauri nifungue kivinjari kingine kitupu, kisicho na barua pepe wala kumbukumbu, nikiweke humo peke yake, nikitumie kwa halmashauri tu, nikimaliza nikifunge. Huo ndio utaratibu wangu mpaka leo.

Saa tatu mama wa Sabaki aliingia na binti yake, bahasha ikiwa ndani ya kanga. Sikumficha. Nilimweleza kuwa Jumatatu nilikuwa tayari kutuma karatasi zake kupitia kitu kibaya, na kwamba kilichoziokoa ni kuwa yeye alikuwa shambani na nikamwambia aje Alhamisi.

Alimgeukia binti wakasemezana Kigiriama kwa haraka. Kisha akaniuliza:

"Na hiki cha leo umekiangalia?"

"Nimekiangalia."

"Umekiangalia wewe mwenyewe, au umeambiwa?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi tuma."

Nikaskani. Binti alisimama nyuma yangu akisoma kila herufi ya jina lake nilipokuwa nikiijaza, na akanisahihisha mahali nilipokosea. Nikabonyeza kutuma. Kigurudumu kilizunguka, kikazunguka, kisha ikatoka namba ya kupokelewa kwa ombi. Nikaichapa nikampa binti, akaikunja mara nne.

Zilipita wiki sita. Nilikuwa natafsiri barua ya mtu mwingine lilipoingia jibu, na kiambatisho kimoja. Niliwapigia simu bila kukifungua. Nilitaka wawepo.

Walifika kabla ya adhuhuri, miguu ina vumbi. Nikafungua. Kilikuwa ukurasa mmoja tu, wenye muhuri. Nikausoma kwanza kimya, kisha nikausoma kwa sauti, Kitaliano na Kiswahili, mstari kwa mstari. Mbele ya afisa wa usajili alifika mtu huyu, akiwa na akili timamu, akatamka kuwa anamtambua kuwa binti yake aliyezaliwa Malindi, na likafuata jina la msichana aliyesimama nyuma ya kiti changu, majina yote matatu, bila kosa hata la herufi moja.

Binti hakulia. Aliniomba nisome tena lile neno la kumtambua, kwa Kitaliano. Nikalisoma. Akalirudia, ulimi ukikwaruza, akalirudia tena mpaka likakaa sawa.

Mama yake alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akatoka nje, akasimama katikati ya kichochoro kwenye jua la mchana, akapiga kigelegele ambacho kiliwatoa wauzaji wa duka la dawa mpaka mlangoni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kapu la ndimu alisimama.

"Harusi ya nani, dada?"

"Si harusi," alisema mama, akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwanangu ameandikwa. Aliandikwa zamani! Njoo usomewe nawe usikie."

Na yule mwanamke akatua kapu lake, akaingia, akaketi kwenye kiti cha tatu, nami nikaanza kusoma upya kutoka mstari wa kwanza.